Kutiana Moyo Kunaanza kwa Kuambiana

Nimekaa katika ushirika wa Wakristo maisha yangu yote, kwanza kijijini Kagera kwa bibi yangu mzaa mama, na sasa hapa Kitunda, Dar es Salaam, katika jumuiya ya usharika wetu wa Kilutheri. Nimeona watu wakiingia kwenye ibada ya nyumbani wakiwa wamevunjika na kutoka wakiwa na nguvu ya kuikabili wiki. Nimeona pia wengine wakiimba, wakiomba, wakinywa chai, kisha wakarudi kwao na mzigo ule ule waliokuja nao, na hakuna aliyejua kuwa waliubeba. Kwa yale niliyoyaona, uhodari wa mhubiri haukuleta tofauti hiyo, wala urefu wa maombi. Ilitegemea kama aliyeumia alipata nafasi ya kusema kinachomuuma, na kama waliomsikia waliinuka kufanya kitu.

Bibi alikuwa mtu wa Uamsho, ule mwamko wa kiroho wa Wakristo wa Afrika Mashariki, mmoja wa wale waliookoka kabla mimi sijazaliwa. Uamsho ulitufikia kutoka ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1929, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, Mganda aliyeitwa Simeoni Nsibambi alikutana na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Church alikuwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kubwa iliyoua watu wengi Rwanda. Nsibambi naye alikuwa na njaa nyingine, ya kumjua Mungu kuliko alivyokuwa amefundishwa. Wakakaa pamoja na Biblia, wakasoma na kuomba. Watu wawili, mweusi na mweupe, wakati wa ukoloni, kila mmoja akikiri mbele ya mwenzake kwamba amepungukiwa. Katika miaka ya 1930 mwamko ukatokea Gahini, ukaenea Uganda, Burundi, Bukoba na Kenya. Askofu Josiah Kibira, aliyeiongoza Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi tangu 1964 na mwaka 1977 akachaguliwa kuwa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani, alikuwa mtoto wa Uamsho huo huo.

Kwa bibi, hata hivyo, Uamsho haukuwa habari ya maaskofu. Ulikuwa ni watu wanaokuja jioni baada ya kutoka shambani. Nyasi mbichi zilikuwa zimetandazwa sakafuni kama ilivyo desturi yetu Wahaya, kibatari kimewekwa juu ya kigoda, na sisi watoto tumejibanza karibu na mlango wa jikoni. Mtu akisimama kutoa ushuhuda hakusema tu kwamba Mungu ni mwema. Alisema wiki yake ilivyokwenda. Aliyemfokea mkewe alisema, na mkewe alikuwa ameketi pale pale. Akimaliza waliimba pambio la Tukutendereza, kwa Kiganda, ingawa wengi wetu Kiganda tulikijua kwa kubahatisha. Andiko lao kubwa lilikuwa 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi." Bibi alikuwa akilisema hata akiwa peke yake anamenya ndizi.

Usiku mmoja mwanaume mzima, mtu wa heshima kijijini, alisimama akasema kwamba amesogeza mti wa mpaka. Ameingia hatua kadhaa katika migomba ya jirani yake, na jirani alikuwa mjane. Akasema asubuhi atakwenda kuurudisha. Wakaimba, wakaomba, wakaagana. Asubuhi wanaume wawili kutoka ule ushirika walikuwa wamesimama kwenye ua wake kabla hajaamka, jembe begani. Walimsindikiza. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba bila wale wawili huenda yule mzee angefika nusu ya njia akarudi, kwa sababu aibu ni nzito asubuhi kuliko usiku. Walokole, yaani watu wa Uamsho, huita jambo hilo kutengeneza, na siku ile lilitengenezwa na watu watatu.

Sitaki kupamba. Katika Uamsho walikuwepo pia waliowasukuma wengine waungame, waliomtazama mgeni usoni kama askari wa zamu, wakisubiri aseme. Nilimsikia bibi akimkemea mmoja wao. Msichana alikuwa analia na hataki kusema, na yule mama akawa anamhimiza, "Toa yote, toa yote." Bibi akamwambia, "Mwache. Amekuja kukaa na sisi. Akitaka kusema atatukuta hapa hapa." Nadhani kanuni nzima ya ushirika imo katika hiyo "atatukuta hapa hapa." Kumlazimisha mtu kufungua moyo ni kuuvunja mlango wake.

Kisha ikaja miaka ya themanini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera. Watu hawakuwa na jina la kuaminika. Waliuita Juliana, kwa jina la nguo zilizokuwa zikiingia kwa magendo kutoka Uganda, na wengi waliamini kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara waliodhulumiwa mpakani. Walioambiwa ni ugonjwa wa zinaa waliona aibu kuliko hata wale walioambiwa wamelogwa. Nyumba zikafungwa. Ukipita njiani unasikia kikohozi nyuma ya dirisha, lakini mlangoni mtu anakuambia ndugu yake amesafiri.

Mjomba wangu alikuwa akifanya biashara ya kuvuka mpaka. Hakuwa mlokole, alipenda rubisi, pombe yetu ya ndizi, na ngoma, na bibi alikuwa amemwombea miaka mingi bila kuona mabadiliko. Alirudi nyumbani amekonda, ngozi imeharibika, miguu haimbebi. Shangazi zangu walisema tuseme ni malaria iliyomkolea. Bibi hakubishana nao. Alikwenda kwenye ushirika wa wiki ile, akasimama, akasema, "Mwanangu anaugua ugonjwa huu mnaousikia. Yuko kwangu. Sina nguvu za kumgeuza kitandani peke yangu."

Nilikuwepo. Nilikuwa binti mkubwa tayari, najua kusoma nyuso za watu. Woga ulipita katika kile chumba, na sitamlaumu yeyote kwa woga ule, kwa sababu wakati huo hakuna aliyekuwa ametueleza vizuri kama ugonjwa unaambukizwa kwa kugusana, kwa jasho au kwa kula sahani moja. Walijua tu kwamba anayeugua anakufa. Asubuhi yake, kabla ya jua kuwa kali, walikuja wanawake wanne, mmoja na dumu la maji kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Wakaingia chumbani, wakamwosha mjomba, wakafua mashuka mtoni, wakayaanika hadharani kwenye ua ambako kila mpita njia aliyaona. Hawakuwa na glavu. Walikuwa na woga, wakaja nao.

Mzee mmoja wa ushirika akawa anakuja kila jioni. Alimnyoa mjomba ndevu, kisha akamsomea zaburi moja, akaondoka. Hakumhubiria. Mjomba ndiye aliyeanza kuuliza maswali, na kabla ya mwisho alimpokea Yesu, na bibi alifurahi mpaka akacheza. Lakini ninaamini kwamba hata kama mjomba asingeuliza chochote, mzee yule angeendelea kuja na wembe wake.

Katika kijiji kile kile zilikuwepo nyumba za Wakristo wema, wenye imani kama ya bibi, ambako mgonjwa alikufa bila kuingiwa na mtu. Ushirika ulikuwepo, wanawake wale wanne walikuwepo, upendo haukupungua. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kusema. Familia zile zilizika usiku usiku, na watoto waliobaki walikua na kitu kooni ambacho hata leo hawajakitoa. Watoto wa mjomba wangu walisomeshwa kwa kuchangiwa kahawa. Msimu wa mavuno kila mwanaushirika alitenga debe moja, na hakuna mtoto aliyesikia kwamba anasaidiwa kwa sababu baba yake alikufa kwa aibu, kwani aibu ilikuwa imeondolewa siku ile bibi aliposimama.

Nilipohamishiwa Dar es Salaam kufundisha, miaka ya tisini, nilidhani nitaukuta ushirika kama ule. Tulikuwa na jumuiya, naam. Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika kwenda makazini na sokoni, tulikutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, viti vya plastiki vikiazimwa kwa majirani. Neno, maombi, sadaka, matangazo ya wagonjwa na misiba, kisha kila mtu na njia yake. Watu walikuwa wazuri. Fundi seremala, mama lishe, mhasibu mstaafu, muuguzi, walimu wawili watatu, na baadaye vijana wa bodaboda. Ila mzee wa kanisa alipouliza maombi maalumu, jibu lilikuwa moja kuanzia kona hii mpaka ile: "Nina hitaji langu, Mungu analijua." Tukaombea mahitaji yasiyo na majina, mwaka hadi mwaka. Nami nilisema hivyo hivyo, kwa kuwa ndiyo lugha niliyoikuta.

Mungu analijua, ni kweli. Lakini Mungu huyo huyo alituamuru tubebeane, na siwezi kushika upande wa pili wa mzigo ambao sijaonyeshwa uko wapi. Paulo katika Wagalatia 6:2 anasema, "Mchukuliane mizigo." Na yeye mwenyewe hakuficha wa kwake. Anawaandikia Wakorintho kuhusu dhiki iliyompata Asia, akisema alilemewa kupita nguvu zake hata akakata tamaa ya kuishi. Mtume mzima anakiri hilo kwa barua itakayosomwa mbele ya kusanyiko! Bwana wetu naye, usiku wa Gethsemane, hakuwaambia wanafunzi kwamba ana hitaji lake na Baba analijua. Alisema, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa; kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Aliomba wakae. Kama Yesu aliona inafaa kuwaambia rafiki zake jinsi alivyo na kuomba wasimwache peke yake, mimi ni nani nione kwamba ukimya wangu ni imani kubwa?

Aliyeubadilisha utaratibu wetu hakuwa kiongozi. Alikuwa mama aliyemzika mwanawe wa kiume, kijana wa chuo, kwa ajali ya barabarani. Msiba ulikuwa umekwisha, mikeka imekunjwa, na jumuiya ilikuwa imetimiza yote yaliyotakiwa: rambirambi, kukesha, jeneza, basi la kwenda makaburini. Miezi ikapita. Siku moja zamu ya maombi maalumu ilipomfikia alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mimi siku hizi siwezi kusali. Nikifumba macho sioni kitu. Nasema Amina kwa sababu nyinyi mnasema."

Mzee wa kanisa alikuwa ameshafungua Biblia, na niliona kwamba anatafuta andiko la kumjibu. Mama lishe aliyeketi jirani na yule mfiwa akamtangulia. Alisogeza kiti chake, akamwambia, "Basi sisi tutasali, dada. Wewe njoo tu ukae na sisi." Mzee akaifunga Biblia polepole na kuiweka mapajani, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Ikawa hivyo. Yule mama alikuja kila Jumamosi, akakaa. Hakuna aliyemwomba afungue kwa sala wala atoe shukrani. Tulipoomba, mtu alimtaja kwa jina, na kumtaja mwanawe kwa jina. Wakati mwingine aliondoka kabla ya chai. Baada ya muda mrefu aliomba apewe yeye kusoma somo la siku, na tukampa. Sitasema kwamba amepona, maana mama aliyezika mtoto hasemwi hivyo. Anasali sasa, kwa maneno machache. Aliwahi kuniambia kwamba katika ule mwaka imani yake ilikuwa imekaa kwetu, tukiitunza, mpaka alipoweza kuja kuichukua. Nilipokwenda nyumbani nilifungua Warumi 1:12, pale Paulo anapoeleza kwa nini anatamani kuwaona waumini wa Rumi: "yaani, tufarijiane mimi na ninyi, kila mtu kwa imani ya mwenzake, yenu na yangu."

Tangu siku ile jumuiya yetu ikaanza kusema. Haikuwa ghafla, na si wote. Mmoja alisema mwanawe anatumia dawa za kulevya. Mwingine alisema ameachishwa kazi na huwa anaondoka nyumbani asubuhi kama kawaida ili watoto wasijue. Nami nilisema kwamba figo za mume wangu zimeshindwa.

Yeyote aliyewahi kuwa na mgonjwa wa figo anajua ratiba ile. Mara tatu kwa wiki unakwenda hospitali, na kila mara mgonjwa anakaa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa muda wa saa nne hivi. Bima ilibeba gharama ya mashine, lakini bima haikai kwenye benchi la nje. Haipandi bajaji saa kumi alfajiri. Haimshiki mtu anayetoka amelegea, shinikizo la damu limeshuka, kichefuchefu kimemshika. Nilikuwa bado nafundisha na watoto wangu wako mikoani. Nilipomaliza kusema, sikuambiwa "tutakuombea." Yule mhasibu mstaafu alitoa daftari lake na kuuliza siku na saa. Kabla ya kutawanyika kila siku ya matibabu ilikuwa na jina la mtu wa kwenda na mume wangu. Kijana wa bajaji alisema safari za asubuhi ni zake, tumlipe mafuta tu. Muuguzi alitufundisha habari ya chumvi, ya kupima maji anayokunywa, na ya ndizi zetu. Sisi watu wa Bukoba tunazipenda, na mgonjwa wa aina ile hazimfai sana kwa sababu ya potasiamu.

Mume wangu alikuwa mtu mkimya, wa kuzungumza na redio kuliko na watu. Nilihofia kwamba hatapenda. Lakini wanaume wa jumuiya walimjua. Walikaa naye pale wakibishana habari za Simba na Yanga, na fundi seremala, ambaye hakuwahi kutoa sala hadharani hata mara moja, alikuwa ndiye anayengojewa kuliko wote. Siku moja mume wangu alirudi akaniambia kwamba wameongea juu ya kifo. Alieleza kama anayeeleza habari za mechi. Walianzia kwenye penalti iliyokoswa, wakafika huko. Alimwambia fundi kwamba anaogopa, na fundi akamjibu kwamba hata yeye angeogopa, na kwamba Jumatano atakuja tena. Mimi mkewe hakuwahi kuniambia kwamba anaogopa. Alikuwa akinilinda. Alihitaji ndugu ambaye hahitaji kumlinda, na kama jumuiya isingekuwepo sijui angempata wapi, kwa sababu wanaume wa mji huu wana marafiki wa kazi na wa mpira, lakini wachache wana mtu wa kumwambia neno kama hilo.

Mume wangu alifariki. Siku za msiba nilizungukwa na watu, kama ilivyo kwetu sote. Ninachotaka kukitaja ni kilichofuata arobaini. Jumatano iliyofuata, saa ile ile ya kwenda hospitali, fundi alibisha hodi. Alisema mwili wake umezoea kuamka. Akakaa, akanywa chai ya rangi, akatengeneza mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu zamani, akaondoka. Alifanya hivyo kwa muda, mara nyingine akiwa na mkewe. Sikumbuki kama aliwahi kunisomea andiko. Waebrania 10:24 inasema "tukaangaliane sisi kwa sisi na kuhimizana katika upendo na kazi nzuri," nami nikiisikia ikisomwa kanisani namwona fundi amepiga magoti chini ya meza yangu na gundi.

Kusema kuna hatari zake, na hizo lazima ziangaliwe. Tuliwahi kuumizana. Neno lililosemwa katika jumuiya na mama mmoja kuhusu ndoa yake lilifika sokoni kabla ya Jumatatu, na yule mama akaacha kuja. Mzee wa kanisa hakulifunika. Alikwenda kwake pamoja na mchungaji, akamwomba radhi kwa niaba yetu, na Jumamosi iliyofuata alitukalisha na kutuambia kwamba anayebeba maneno ya jumuiya nje anaua jumuiya. Tukakubaliana kwamba mambo ya unyumba yasisemwe mbele ya wote. Wapo watu wawili, mama na baba, ambao mtu anaweza kuwaendea. Na wao wameelekezwa kwamba mwanamke anayepigwa hashauriwi avumilie tu wakati anaombewa. Anapelekwa mahali salama, na dawati la jinsia la polisi lipo kwa kazi hiyo. Nalitaja wazi kwa sababu katika jina la kutiana moyo Wakristo tumewarudisha dada zetu wengi mahali pa hatari.

Jambo la pili ni michango. Yapo mahali ambapo daftari la michango linasomwa kwa majina, nani ametoa, nani bado, na mwenye deni anasikia jina lake mbele ya watoto wa mwenye nyumba. Wiki mbili za kusomwa hivyo zinatosha kumfukuza mjane au kibarua. Nasema kwa moyo wangu wote: afadhali jumuiya ikose fedha kuliko ikose watu hao. Sisi tuliacha kusoma majina, na mweka hazina anamwona kila mmoja kwa faragha. Tuliacha pia kushindana kwa vitafunio. Ni chai na andazi, au maji tu, na mwenye nyumba haulizwi.

Kuhusu kundi la simu, linatusaidia kwa matangazo, na wale walio safarini wanapata habari. Lakini mtu akiandika kwamba mambo ni magumu na akajibiwa kwa picha za viganja vya kuomba, ishirini kwa mfuatano, bado hajatembelewa. Paulo alipokuwa akipelekwa Rumi kama mfungwa, ndugu wa Rumi waliposikia habari zake walitoka kumlaki, wengine mpaka Soko la Apio, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, wengine mpaka Mikahawa Mitatu. Hawa ndio wale aliowaandikia zamani kwamba wafarijiane. Luka, aliyekuwa safarini pamoja naye, anaandika katika Matendo 28:15 kwamba Paulo alipowaona alimshukuru Mungu na akachangamka. Alikuwa ameshaahidiwa na Bwana mwenyewe kwamba atafika Rumi, na malaika alikuwa amesimama karibu naye usiku wa dhoruba. Hata hivyo nyuso za ndugu waliochoka kwa mwendo zilimwongezea kitu.

Kwa sasa kinachonisumbua ni wapangaji. Kitunda imejaa vijana wanaokaa chumba kimoja, na kwa muda mrefu walikuwa wakiruka zamu zao za kupokea jumuiya, wakidhani kwamba bila sebule huwezi kuwakaribisha watu wa Mungu. Tukaamua kwamba zamu ni ya kila kaya, hata kaya ya mtu mmoja. Juzi tulikuwa kwa kijana wa bodaboda, mpangaji. Watatu tuliketi kitandani, wengine kwenye korido katikati ya ndoo na majiko ya majirani, na jirani Mwislamu alituletea mkeka bila kuombwa. Zamu ya maombi maalumu ilipomfikia kijana akaanza, "Nina hitaji langu," kisha akanyamaza, kisha akasema kwamba pikipiki anayoendesha ni ya mkataba, ameugua malaria, hesabu ya siku kadhaa imempita, na mwenye pikipiki amesema ataichukua mwisho wa mwezi ingawa sehemu kubwa ameshalipa. Tuliomba. Baada ya Amina mhasibu mstaafu akavaa miwani na kumuuliza kama huo mkataba umeandikwa au ni wa mdomo. Kijana akasema umeandikwa, uko chini ya godoro. Tukasimama kutoka kitandani ili autoe, na wale wawili wakaenda kuusoma mlangoni penye mwanga, kipengele kwa kipengele, wakati sisi wengine tukigawana maandazi.